Kamirithu: Walioitikia nyuma ndio waliobeba tamthilia

ATAZAMAYE tamthilia ya nyimbo kwa mara ya kwanza aghalabu humkodolea macho mhusika mkuu. Huyo ndiye asimamaye mbele, ndiye ambaye picha yake imebandikwa langoni, na ndiye anayepigiwa makofi ya mwisho. Nyuma yake husimama watu ishirini, thelathini au hata hamsini ambao hakuna anayeuliza majina yao. Dakika hii ni vibarua wa shambani, dakika ijayo ni waumini kanisani, kisha ni walevi wapitao njiani na, kabla ya onyesho kwisha, wamekuwa umati unaoshangilia Uhuru.

Hicho ndicho kikosi. Katika kumbi za kulipia, kikosi huchukuliwa kuwa pambo tu: watu wa kujaza jukwaa na kuupa wimbo uzito. Katika sanaa ya jamii, ambako waigizaji ni majirani na watazamaji ni jamaa zao, mambo hugeuka. Kikosi ndicho tamthilia yenyewe.

Hakuna mahali nchini Kenya palipolidhihirisha jambo hilo kuliko Kamirithu, kijiji kilichoko Limuru, takriban kilomita 30 kutoka jijini Nairobi.

Wasomi wameandika mengi kuhusu Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, waandishi wa Ngaahika Ndeenda, tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili huijua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Yaliyosemwa kuhusu waliosimama nyuma na kuitikia ni machache mno, ilhali historia yenyewe yaonyesha kwamba hao ndio walioitia serikali wasiwasi.

Ushahidi wa hayo ni rahisi kuuona. Maonyesho ya Ngaahika Ndeenda yalipigwa marufuku Novemba 1977. Mwaka wa 1980, maneno yale yale yalichapishwa kwa lugha ya Kikuyu na kampuni ya Heinemann na kuuzwa madukani bila kificho. Kitabu kiliachwa. Kikosi hakikuachwa: mwaka wa 1982 polisi walitumwa kuling'oa jukwaa lake.

Swali linalozuka basi ni hili: kikosi huongeza nini juu ya maneno yaliyoandikwa, hata kikaogopwa kuliko kitabu?

Kamirithu si kijiji cha jadi. Kilitokana na Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini, wakati serikali ya kikoloni ilipozikusanya kwa nguvu familia zilizokuwa zimetawanyika mashambani na kuziweka mahali pamoja ili zisiwape chakula wapiganaji wa Mau Mau. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, wengi walibaki papo hapo. Baadhi yao walikuwa vibarua katika mashamba ya majani chai ya walowezi na warithi wao, wengine walifanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Limuru, na wengi hawakuwa na kazi yoyote.

Kijiji kilikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kimedorora. Mwaka wa 1976, kwa mujibu wa maelezo ya Ngugi wa Thiong'o mwenyewe, mwanamke mmoja wa kijiji hicho alimwendea na kumtaka yeye na wasomi wenzake wakirejeshee kijiji sehemu ya elimu yao. Hapo ndipo kilipoanza kituo cha elimu na utamaduni cha Kamirithu. Darasa la kusoma na kuandika la watu wazima lilitangulia. Mchezo wa kuigiza ulifuata.

Ikumbukwe kuwa mpangilio huo haukuwa wa bahati nasibu. Watu waliojifunza kusoma wakiwa wazima walihitaji kitu cha kusoma, na mada walizozijadili darasani, yaani mishahara, ardhi, ulevi na madeni, ndizo zilizoingia katika mchezo. Ngugi wa Mirii alikuwa mtafiti wa elimu ya watu wazima katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi ya uongozaji ilichukuliwa na Kimani Gecau, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi chuoni humo.

Kisa chenyewe ni cha Kiguunda, kibarua mwenye kipande cha ardhi cha ekari moja na nusu. Hatimiliki ya ardhi hiyo ameitundika ukutani kama wengine watundikavyo picha za jamaa. Tajiri wake, Ahab Kioi wa Kanoru, anamwendea akiwa na mkewe, na Kiguunda anadhani wamekuja kumposa bintiye Gathoni kwa niaba ya mtoto wao wa kiume. Anashawishiwa yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa ya kanisani kwanza, maana ndoa yao ya jadi haitambuliwi na wakubwa hao. Ili kugharimia arusi, anakopa benki na kuweka hatimiliki rehani. Mwishowe binti anaachwa akiwa mjamzito, nayo ardhi inapotea.

Kwa muhtasari huo mtu angedhani kuwa ni mchezo wa familia moja. Sivyo. Tamthilia hiyo imejaa nyimbo na ngoma, na nyimbo hizo hazikuwekwa ili watazamaji wapumzike kati ya mazungumzo. Kila mara Kiguunda na jirani yake Gicaamba wanapokumbuka jambo, kikosi huingia na kulitenda: kiapo cha Mau Mau, mapokezi ya Uhuru, arusi ya Kikuyu inayoonekana kama ndoto. Mtu mmoja hawezi kukumbuka Uhuru peke yake jukwaani na watu wakasadiki. Uhuru ulikuwa wa umati, na umati ndio uwezao kuukumbusha.

Mazoezi yalianza katikati ya mwaka wa 1977. Yalifanywa mwishoni mwa juma, kwa sababu siku nyingine watu walikuwa kazini. Wala hayakufichwa. Yalifanywa mahali pa wazi, na yeyote aliyepita aliruhusiwa kusimama, kutazama na kukosoa.

Uamuzi huo wastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa unakwenda kinyume na ada ya kumbi za maonyesho. Kwa kawaida mwigizaji hujificha miezi mitatu na kutokea siku ya kwanza akiwa amekamilika, na mtazamaji huondoka akiamini kuwa kipaji hicho ni cha wateule. Kamirithu, mtazamaji alimwona jirani yake akisahau maneno, akikosea hatua na kucheka. Juma lililofuata alimwona amepata. Baada ya miezi kadhaa, aliyekuwa akitazama alikuwa ameshajua nyimbo zote, naye asingeshindwa kuingia kikosini endapo mtu angekosekana.

Baadhi ya washiriki hawakujua kusoma. Hao walisomewa maneno hadi wakayashika. Hapa ndipo wimbo wa kuitikiana unapodhihirisha faida yake. Katika wimbo wa namna hiyo, kiongozi hutupa mstari na kundi huudaka, ama kwa kuurudia ama kwa kuujibu. Asiyeujua mstari leo ataukamata mara ya tatu, kwa kuwa jirani yake wa kulia anauimba sikioni mwake. Hahitaji karatasi, wala hahitaji kuaibika kwa kuwa hawezi kuisoma.

Aidha, uimbaji huo huficha makosa na kuyasahihisha kwa wakati mmoja. Mwigizaji mkuu akisahau maneno yake, kimya hutanda na kila mtu hujua. Mmoja wa waitikiaji akisahau, sauti za wengine humpitisha hadi apate tena nafasi ya kuingia. Kwa watu waliotoka zamu ya kiwandani wakiwa wamechoka, hiyo si faida ndogo.

Kuna na suala la mahali. Jukwaa lisilo na paa wala kuta humeza sauti. Upepo huichukua, watoto hulia, na matatu hupiga honi barabarani. Sauti ya mtu mmoja aliyezoea kuzungumza sebuleni haifiki safu ya nyuma. Sauti za watu thelathini waliopumua pamoja hufika. Kupumua pamoja nako hakuji kwa maagizo. Huja kwa miguu. Ndiyo maana ngoma nyingi za Kiafrika huanza kwa hatua kabla ya neno: mguu ukishakubaliana na mwingine, pumzi hufuata, kisha sauti.

Miongoni mwa ngoma zilizoingizwa katika mchezo huo ni mwomboko, inayochezwa na wanaume na wanawake wakiwa wawili wawili, kwa mlio wa kodiani na wa chuma kiitwacho karing'aring'a. Mwomboko ni zao la wakati wa ukoloni. Vijana waliazima baadhi ya madaha ya dansi za Kizungu na kuyafanya yao. Waliokuwa vijana wakati huo walikuwa wazee mwaka wa 1977, na mazoezini wakageuka walimu. Wahadhiri wakawa wanafunzi.

Jambo hilo lilijitokeza waziwazi zaidi katika sehemu ya arusi. Mchezo ulihitaji gitiiro, uimbaji wa kale wa majibizano unaofanana na opera kwa jinsi unavyobeba mazungumzo yote kwa wimbo. Waandishi hawakuujua vya kutosha. Mwanamke mmoja mzee, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliwaimbia neno baada ya neno nao wakaandika. Kwa hivyo kurasa hizo za kitabu, ambazo leo hufundishwa vyuoni, zina mtunzi ambaye jina lake halimo kwenye jalada.

Washiriki walisahihisha hata lugha ya mazungumzo. Waandishi walipomfanya mzee aseme kama kijana, waliambiwa papo hapo kuwa wazee hawasemi hivyo. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza kwa hesabu jinsi kazi ya siku moja inavyoweza kulipia mishahara ya siku nyingi, na maelezo hayo yakaingia katika maneno ya Gicaamba. Mshiriki mwingine aliyekuwa ameunda bunduki za wapiganaji wa Mau Mau aliunda za bandia za mchezo.

Jukwaa nalo lilikuwa kazi ya mikono ya wanakijiji. Kielelezo chake cha kwanza kilitengenezwa kwa njiti za kiberiti. Kisha watu wakachimba, wakasimamisha nguzo na kupanga viti, mpaka kukawa na uwanja wa maonyesho wenye nafasi ya watu wapatao 2,000. Hapakuwa na msaada wa serikali wala wa wafadhili kutoka nje. Msomaji aliyezoea kuona kikundi cha sanaa kikisubiri ufadhili kabla ya kununua hata ngoma moja atayapima hayo mwenyewe.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili, Oktoba 2, 1977. Watu walifika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi waliyoyakodi kutoka sehemu nyingine. Ngugi ameandika kwamba siku moja mvua ilinyesha katikati ya mchezo. Watazamaji wakajikinga kwenye vibanda vya jirani, na ilipokatika wakarudi na waigizaji wakaendelea pale walipoachia. Hayo yalitokea mara tatu, na watu hawakwenda zao.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini. Kisa walikijua tayari, kwani walikuwa wamekitazama mazoezini kwa miezi. Jibu ni kwamba hawakuja kusikia kisa. Walikuja kuimba. Nyimbo zilikuwa zimeshatoka jukwaani na kuingia shambani na njiani, na watoto walizijua. Kiongozi alipotupa mstari, waliojibu hawakuwa wale thelathini waliokuwa jukwaani tu. Kiguunda alipopoteza ardhi yake mbele ya watu waliopoteza yao, mpaka baina ya kikosi na watazamaji ulikuwa umefutika.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kitabu na kikosi. Msomaji wa kitabu yuko peke yake. Anaweza kukubali au kukataa kimoyomoyo na hakuna ajuaye. Aimbaye katika kikosi amesema hadharani, na mwenziwe amesikia. Anajua pia kuwa mwenziwe amesema. Watu 2,000 waliokutana na kugundua kwamba wote wana dukuduku moja si sawa na watu 2,000 wenye dukuduku hilo kila mmoja nyumbani kwake.

Watawala wa kikoloni walikuwa wamelijua hilo zamani. Wimbo wa ngoma ya Muthirigu ulipoenea katika nchi ya Wakikuyu mwaka wa 1929, wakati wa mzozo baina ya wamishenari na waumini kuhusu tohara ya wasichana, ulibeba kejeli kwa wamishenari na machifu. Serikali iliupiga marufuku mwaka wa 1930. Ugumu wake ulikuwa kwamba wimbo haukuwa na mtunzi mmoja wa kukamatwa. Kila kijiji kiliongeza beti zake. Mwandishi ana anwani, kikosi hakina.

Serikali ya Kenya huru ilirithi hofu hiyo pamoja na sheria zake. Onyesho la hadharani lilihitaji leseni, na aliyeitoa ndiye aliyeweza kuifuta. Novemba 16, 1977, mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni ya Ngaahika Ndeenda kwa sababu zilizotajwa kuwa za usalama wa umma. Mchezo ulikuwa umeonyeshwa kwa muda wa majuma sita tu. Mnamo Desemba 31 mwaka huo Ngugi wa Thiong'o alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufikishwa kortini. Aliachiliwa Desemba 12, 1978, miezi michache baada ya kifo cha Rais Jomo Kenyatta.

Inafaa kukumbuka kwamba mwandishi huyo hakuwa mgeni katika uandishi wa kuikosoa serikali. Riwaya yake ya Petals of Blood, iliyotoka mwaka huo huo wa 1977, ilishambulia tabaka tawala kwa ukali usiopungua ule wa Ngaahika Ndeenda. Ilizinduliwa Nairobi na waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Ilikuwa kwa Kiingereza, ya kusomwa na mtu mmoja mmoja, na haikumpeleka jela.

Kikosi cha Kamirithu hakikusambaratika. Mwishoni mwa mwaka wa 1981 kilianza mazoezi ya tamthilia ya pili, Maitu Njugira, maana yake mama niimbie. Hii ilikuwa ya nyimbo zaidi kuliko ya kwanza. Ilirejelea enzi za ukoloni, wakati Waafrika walipolazimishwa kubeba kipande na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Nyimbo zilitoka katika lugha kadhaa za Kenya, si Kikuyu pekee. Mazungumzo yalikuwa machache. Kuimba, kucheza na ishara za mwili ndivyo vilivyosimulia.

Kwa mara nyingine kazi ya kikosi ilibadilika. Mtu wa Limuru alipaswa kuimba kwa lugha asiyoizungumza, kuipata lafudhi yake na kuufuata mwendo wa ngoma ambayo miguu yake haikulelewa nayo. Asiyewahi kujaribu hilo hudhani ni suala la kukariri. Ukweli ni kwamba kila ngoma ina mahali pake mwilini, mabegani kwa wengine na kiunoni au magotini kwa wengine, na mwili wa mtu mzima haukubali upesi kuhamishwa.

Mchezo ulitarajiwa kuonyeshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho jijini Nairobi, Februari 1982. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka wa 1952 chini ya wakoloni na kwa miaka mingi ulitawaliwa na vikundi vya Wazungu vilivyoonyesha michezo na dansi za kwao. Wanakijiji wa Kamirithu walipofika, milango ilikuwa imefungwa na leseni haikuwa imetolewa.

Walirudi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, walikokuwa wakifanyia mazoezi, na kuendelea. Kwa kuwa mazoezi yao daima yalikuwa wazi kwa umma, umma ulifika. Maelfu ya watu walijazana katika ukumbi mdogo wa chuo na kwenye njia zake, usiku baada ya usiku, hadi mazoezi nayo yalipozuiwa kabla mwezi haujaisha. Rasmi, Maitu Njugira haijapata onyesho hata moja. Walioitazama waliitazama ikiwa zoezi.

Machi 11, 1982 serikali ilifuta usajili wa kituo cha Kamirithu. Siku iliyofuata, malori matatu ya polisi waliojihami yaliingia kijijini na kuubomoa ule uwanja wa maonyesho. Shughuli za maigizo zilipigwa marufuku katika eneo hilo. Ngugi wa Thiong'o aliondoka nchini katikati ya mwaka huo na kuishi uhamishoni kwa zaidi ya miaka 20. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikwenda Zimbabwe, walikoendeleza sanaa za kijamii vijijini. Ngugi wa Mirii alifariki huko mwaka wa 2008 katika ajali ya barabarani.

Na wale wa nyuma? Walibaki Limuru. Hawakuwa na chuo cha ng'ambo cha kuwaalika wala jina la kuwalinda. Kesho yake walipaswa kuamka na kwenda kuchuma majani chai chini ya msimamizi ambaye huenda alikuwa ametazama mchezo na kujiona ndani yake. Hiyo ndiyo gharama ya uigizaji wa kijamii isiyoandikwa sana: mwigizaji wa kulipwa akimaliza onyesho hurudi kwake, ambako hakuna ajuaye alichosema, mwigizaji wa kijiji hurudi katikati ya watu wale wale aliowaambia.

Ngaahika Ndeenda ilirejea Nairobi Mei 2022, ikaonyeshwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, ule ule uliowafungia milango wanakijiji. Mwongozaji alikuwa Stuart Nash, Mwingereza anayefanyia kazi zake Nairobi, na waigizaji walikuwa wa kulipwa, wenye mafunzo. Watu walijaa. Walioimba waliimba vizuri, pengine kwa ufundi kuliko wenzao wa 1977. Hata hivyo, watazamaji wengi walikuwa wamekaa katika viti vya kulipia wakisikiliza nyimbo wasizozijua, na hilo si kosa la waigizaji. Nyimbo za Kamirithu zilikuwa na miezi ya kuzoeleka kabla ya onyesho. Za mjini huwa na dakika zile zile za onyesho.

Wala isidhaniwe kuwa hofu ya watu wanaoimba pamoja ilizikwa na karne iliyopita. Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa la drama la shule lililofanyika Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuwa waonyeshe mchezo uitwao Echoes of War, ambao ulikuwa umezuiwa kisha ukaruhusiwa na mahakama. Polisi walirusha vitoa machozi nje. Wasichana waliingia jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka bila kuigiza. Wimbo ule kila Mkenya anaujua na huimbwa kila juma shuleni. Siku hiyo ulisikika kama mpya, na hakuna aliyeweza kusema ni msichana yupi aliyeuanzisha.

Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 28, 2025 nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 87. Vitabu vyake viko maktabani, Ngaahika Ndeenda ikiwemo. Maitu Njugira haikupata kitabu kilichoenea kama cha ile ya kwanza. Nyimbo zake zilifundishwa kwa sikio, pamoja na hatua na lafudhi zake, na aliyekuwa na miaka 20 katika kikosi mwaka wa 1982 sasa amepita 60.